Faisal Asipite Getini

Wiki ile pale Buzuruga watu walisahau hata kusalimiana. Ukifika kijiweni jirani na stendi, kabla hujapata pa kukaa, unaulizwa uko upande gani: Faisal acheze, au asicheze? Na ole wako useme hujui. Kuna abiria mmoja maskini alikuja kunywa kahawa akisubiri gari lake, akasema yeye mpira haufuatilii. Walimtazama mpaka kahawa ikamshinda, akainuka na kwenda kusubiri juani.

Msiwacheke. Jumamosi Sangara FC walikuwa na mechi ya mwisho ya ligi, na ilikuwa lazima washinde. Sare wanashuka daraja, wakifungwa ndiyo kabisa. Mfadhili wao, tajiri mmoja mwenye mabasi, alishatamka hadharani kwamba timu ikishuka yeye anaondoka na vyake vyote, kuanzia jezi mpaka nyavu za goli. Mfadhili mwingine hakuwepo. Timu ikishuka imekufa, na kila mtu kijiweni alilijua hilo.

Huyo Faisal ndiye aliyekuwa straika wao. Kijana wa Nansio, alichukuliwa na timu kubwa ya Dar es Salaam akiwa bado mdogo, wakamkalisha benchi mpaka akasahaulika, kisha wakamtoa kwa mkopo aje Mwanza. Mechi yake ya kwanza alifunga mabao mawili, watu wakambeba mabegani. Baada ya hapo akakauka. Kisha goti likaumia. Aliporudi kutoka kwenye majeraha alikuwa mtu mwingine kabisa, mpira unamgonga mguuni unakwenda zake kama umegonga mlango. Mechi iliyopita kila alipougusa watu walirusha chupa.

"Amechuja," alisema Ponsian, mwalimu wa sekondari, Mhaya mmoja anayeongea muda wote kama ana chaki mkononi. "Mwenyekiti, tuwe wakweli. Kijana amechuja. Na tena ni wa mkopo. Sahani ya kuazima, shughuli ikiisha unairudisha kwa mwenyewe, hukai nayo unaibembeleza."

Watu wakaangua kicheko.

"Mwalimu, sahani ya kuazima ndiyo inayooshwa vizuri," Shamsa akamjibu. "Ya kwako ndiyo unaitupa chini ya kitanda na ukoko wake."

Kicheko kikahamia upande wa pili. Shamsa mwenyewe hakucheka.

Huyu Shamsa sasa, mjueni vizuri. Mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ambayo haikulingana na mwili wake. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki kule Nyakato, upande wa minofu. Kutwa nzima amesimama kwenye baridi, mabuti miguuni, barakoa mdomoni, kisu mkononi, na kuongea marufuku. Mume wake, marehemu Abdillah, alikuwa mpiga ngoma wa tawi la washabiki la Buzuruga. Presha ilimchukua ghafla, hawakuwa wamejaliwa mtoto, na ndugu wa mume walipomaliza kugawana waliiacha ile ngoma kwa sababu hakuna aliyeitaka. Shamsa alikaa eda yake yote kwa heshima. Siku alipotoka, watu wakitegemea aende kuwaamkia wakwe, yeye alijitwika ngoma akaenda uwanjani. Jamani, alisemwa! Mjane gani huyu? Hana haya? Lakini alipoipiga, jukwaa lote liliitika, na tangu siku hiyo akawa mwenyekiti wa tawi bila kupigiwa kura na mtu. Kiwandani aliitwa kwa namba, mtaani alikuwa mjane wa Abdillah. Uwanjani tu ndiko watu walikopaza sauti, "Shamsa! Shamsa!" Na sasa uwanja huo ulikuwa unataka kumponyoka.

Na Faisal naye. Alipoumia, timu ilimpangia chumba mtaa wa pili kutoka kwa Shamsa, ikamsahau humo humo. Wale wakubwa wa Dar hata simu hawakupiga. Shamsa akaanza kumpelekea uji, kisha wali, mwisho kijana akawa anakula kwake moja kwa moja na kumwita mama. Siku daktari alipomruhusu kurudi mazoezini, Faisal alimweleza Shamsa yote huku akimenya ndizi. Goti limepona, akimbie, apige mpira, lakini asije akaruka kutoka mahali pa juu, maana mshipa wa ndani bado mchanga. Shamsa alisikia vizuri sana. Tena alimwambia, "Mshike huyo daktari maneno yake, mwanangu."

Haya. Kocha alikuwa ametoa msimamo wake, kama huo nao ni msimamo. Washabiki wakimtaka Faisal, atampanga. Wasipomtaka hampangi, kwa sababu yeye hakuja Mwanza kupigwa chupa za kichwa kwa ajili ya mchezaji wa watu. Kwa hiyo Alhamisi jioni kijiwe kilijaa mpaka barabarani. Shamsa alibisha mpaka sauti ikakwaruza. Aliwakumbusha yale mabao mawili. Aliwauliza kama wana straika mwingine, na wakakiri hawana. Bado vichwa vilitikiswa. Wengine walisema bora beki achezeshwe mbele kuliko lile garasa.

Ndipo akaongea Shimba. Huyu alikuwa na bucha pale sokoni, mtu mzito wa maneno, na ndiye aliyesimamia mambo ambayo washabiki wa mpira huyaita ya kamati ya ufundi. Mnaelewa. Si ufundi wa kocha, ni wa waganga.

"Mnapigizana kelele bure," Shimba akasema. "Huyo kijana hajachuja. Kafungwa miguu."

"Na nani?"

"Siku aliyoumia, nani aliingia uwanjani wa kwanza? Si yeye? Wenzake bado wako kwenye basi, yeye katangulia kupita getini. Geti lilitegwa kwa ajili ya timu nzima, akalibeba peke yake."

Kusema kweli hakuna aliyekumbuka kama Faisal alitangulia siku ile, lakini kahawa ilipozunguka mara ya pili kila mtu alikuwa amemwona kwa macho yake.

"Dawa yake?" mtu akauliza.

"Ndogo tu. Jumamosi asipite getini. Apande ukuta wa upande wa vyoo, aruke, atue ndani. Akikanyaga majani bila kupita getini, kifungo kimekatika. Hapo hata mimi nitasema acheze."

"Hata mimi!" wakasema wengi, wale wale waliokuwa wanamtukana.

Shamsa akamgeukia Ponsian. Alimtegemea mwalimu, jamani, alitegemea mtu huyu msomi aseme huu ni upuuzi, ili naye apate pa kuegemea. Ponsian akakohoa.

"Mimi mambo hayo siyaamini," akasema. "Lakini kama ataruka ukuta, basi, sina pingamizi."

Mwalimu mzima! Shamsa akaona mlango umefunguka, na ni huo mmoja tu. Kukataa maana yake Faisal hachezi, timu inashuka, imekufa. Maneno ya daktari yalimpitia kichwani, akayaona yamekaa pale, akayapita. Tena kuna sehemu ndani yake iliyomwamini Shimba. Ukishikwa pabaya unaamini mengi.

"Ataruka," akasema. "Niachieni mimi."

Wakampigia makofi. Jioni hiyo hiyo wajumbe wakaenda kwa kocha, na kocha akakubali haraka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Faisal alikuwa anakula ugali na sato pale kwa Shamsa alipoambiwa. Aliacha kutafuna.

"Mama, ukuta ule ni mrefu."

"Vijana watakaa chini wakupokee. Hutaangukia mguu, watakushusha kama mtoto."

"Daktari alisema..."

"Daktari hapangi timu, Faisal. Usiporuka, washabiki hawakutaki. Wasipokutaka, kocha hakupangi. Mimi nifanyeje?"

Kijana akatazama goti lake. "Jumamosi kuna watu wanatoka Dar kuja kuniangalia. Mkataba wangu unakwisha mwezi huu. Nisipocheza mama, nani atanitafuta tena?"

"Basi ruka, mwanangu."

"Watanipokea kweli?"

"Nitakuwepo mwenyewe."

"Sawa mama. Ukisema wewe, nitaruka." Akaendelea kula.

Jumamosi watu walianza kumiminika uwanjani mapema. Washabiki wa wageni walikuja na kibwagizo chao cha dharau, wanaimba "Mapanki! Mapanki!", yaani ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaondoka. Shamsa, aliyeyaona mapanki kila siku ya Mungu, hakuwa na nafasi ya kuwajibu. Alikuwa upande wa vyoo, kwa ndani, ngoma mgongoni, na kundi la vijana aliowachagua mwenyewe kwa vifua vyao vipana.

Kichwa cha Faisal kikatokea juu ya ukuta. Kwa nje walikuwa wamempandisha kwa ngazi. Akakaa kule juu, miguu inaning'inia upande wa ndani, na vijana wakanyoosha mikono.

"Tokeni!" Shimba akafoka. "Tokeni hapo, nani kawaambia mumshike? Atue mwenyewe! Akiguswa na mkono wa mtu imeharibika yote!"

Vijana wakarudi nyuma. Shamsa akamshika Shimba mkono. "Shimba, hukuniambia hilo. Mimi nilimwahidi."

"Sasa unaambiwa. Unataka aruke au hutaki? Kama hutaki, ashuke arudi kwa ngazi, na mimi nitawaambia watu."

Watu walishajua kuna jambo upande ule, na walikuwa wanakuja mbio, wanaimba jina la Faisal. Mara ya kwanza tangu aumie, jamani, wanaimba jina lake! Faisal alisikia. Lakini hakuwatazama wao, alimtazama Shamsa, akainua nyusi, kama mtoto anayemuuliza mkubwa. Hiki kilikuwa kitu kidogo kabisa cha kufanya. Shamsa angetikisa kichwa tu. Angesema, shuka mwanangu, tutaonana nyumbani. Alifungua kinywa akiwa anataka kusema hivyo, wallahi alitaka. Kichwani akaona jukwaa tupu lenye nyasi, akajiona kiwandani siku zote zilizobaki, barakoa mdomoni.

"Ruka," akasema.

Faisal akaruka.

Alitua kwa miguu yote miwili, akayumba, mkono mmoja ukaenda gotini na kutoka hapo haraka. Kisha akanyooka na kutabasamu. Umati ukalipuka, wakamzunguka wanacheza, Shimba anapiga vigelegele kama mwanamke. Hakuna aliyeuona ule mkono isipokuwa Shamsa. Na hakuna aliyeona jinsi midomo ya kijana ilivyokuwa imepauka wakati anatabasamu.

"Umeumia?" akamuuliza alipompita.

"Hamna kitu, mama. Piga ngoma."

Akapiga. Alipiga ngoma ile mpaka viganja vikawaka moto. Lakini macho yake hayakuufuata mpira, yalimfuata Faisal, na alichokiona kilimtoa machozi. Kijana alikimbia kwa mguu mmoja akiuficha mwingine. Mpira ukija kushoto anaukwepa. Washabiki walimvumilia kidogo kwa ajili ya ukuta, kisha wakaanza upya.

"Huyu bado!"

"Subiri, dawa inapanda taratibu."

"Inapanda wapi? Mtoe! Kocha, mtoe!"

Wakati wa mapumziko, bila bila, Shamsa alishuka mpaka kwenye uzio karibu na benchi. Alitaka kumwambia kocha amtoe. Faisal alimwona anakuja, akajua anachotaka. Alitikisa kichwa, akaweka viganja viwili pamoja kumwomba. Shamsa akabaki ameshika waya. Ilikuwa huruma? Au ni kwamba na yeye bado alitaka bao? Alirudi juu akaichukua ngoma.

Nafasi ilikuja mwishoni. Winga alikimbia na mpira, akaupiga chini chini katikati, kipa wa wageni akateleza, na mpira ukafika kwa Faisal mbele ya goli tupu. Uwanja mzima ulisimama. Alitakiwa asimamie mguu wa kushoto, apige wa kulia, basi, kitu ambacho mtoto wa shule ya msingi anakifanya. Aliusimamia. Goti likakunjika upande ambao goti halikunjiki, akaenda chini, mpira ukapita kando ya mwili wake na kutoka nje polepole. Ukelele wake ulisikika mpaka jukwaani. Walipokuwa wanamtoa kwa machela watu walimrushia chupa, nyingine zikiwa na maji bado. Mechi iliisha bila bila, na Sangara wakashuka.

Jumapili kijiwe kilijaa tena, safari hii bila kicheko. Mfadhili alishatuma watu uwanjani kung'oa nyavu. Shamsa alifika hajalala, macho yamevimba, akawakuta wameshafikia uamuzi: Faisal aliuza mechi. Katumwa na Dar. Goli lile hata kipofu angefunga. Wengine walitaka waende chumbani kwake wakamtolee vitu nje.

"Kaeni chini," Shamsa akasema. Kwa mazoea wakakaa. "Faisal hakuuza mechi. Faisal aliumia pale ukutani, kabla ya mechi. Alipotua, goti liliondoka. Mimi nilimwona ameshika goti, nikanyamaza. Daktari alimkataza kuruka kutoka juu, nilikuwa najua, na mimi ndiye niliyemwambia aruke. Kama mnataka mtu wa kumtolea vitu nje, ni mimi."

Alikuwa analia. Simu kadhaa ziliinuliwa, maana siku hizi mtu halii bila kurekodiwa. Hakujali. Alijisikia mwepesi kidogo kwa mara ya kwanza tangu jana, na akasubiri watukane.

Hawakumtukana. Shimba alikuwa anakuna kidevu.

"Kaumia ukutani," akarudia taratibu. "Mnasikia? Kumbe na ukuta walishautega."

"Eeh!"

"Sasa waliambiwa na nani kwamba atapitia kule? Sisi tulikuwa wenyewe tu hapa. Na mwingine aliyejua ni nani?"

"Faisal mwenyewe!" mtu akapiga kelele.

"Hapana," Shamsa akasema. "Hapana, jamani, nisikilizeni, hakuna aliyetega kitu, ni ukuta mrefu tu na goti bovu. Mwalimu! Waambie basi. Wewe si unajua?"

Ponsian alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. "Tuwaachie wazee wa kamati," akasema kwa sauti ndogo, na hakuinua macho.

Shamsa akaona kazi imemshinda. Kila neno alilosema kumwokoa kijana walilichukua wakamchapa nalo. Akawaacha wakibishana, akakimbia, mwanamke mzima na mitandio yake, ili afike kwa Faisal kabla yao.

Alimkuta amekaa kitandani, mguu umefungwa ubao na kuwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Na uso wake, huwezi kuamini, ulikuwa na furaha.

"Mama! Shikamoo. Nilikuwa nataka nije kwako, basi tu huu mguu. Dar wamepiga!"

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

"Watanitibu! Mkataba unasema nikiumia kwenye mechi ni juu yao, mpaka nipone, hata kama muda umekwisha. Operesheni na kila kitu. Daktari wa hapa anasema nikifanyiwa mapema nitacheza tena, nisipofanyiwa ndiyo basi, nitakuwa kilema. Nimewaambia niliumia pale golini. Si waliniona wote nikianguka?"

Shamsa akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Wakaniuliza mara mbili," Faisal akaendelea, akishusha sauti. "Wanasema wamesikia niliruka ukuta. Nikawaambia ndiyo, niliruka, sikuumia. Wangejua niliumia kule wasingenitibu, wangesema ni mambo yangu mwenyewe. Lakini aliyeona ni wewe peke yako, kwa hiyo mimi sina wasiwasi. Wewe nakuamini, mama."

Nje, chini ya dirisha, vijana wa jirani walikuwa wamekusanyika kwenye simu moja, wanaambiana waongeze sauti. Mtu alikuwa analia ndani ya simu ile. "...aliumia pale ukutani, kabla ya mechi," ikasema. "Alipotua, goti liliondoka. Mimi nilimwona..."

Faisal aligeuza kichwa kuelekea dirishani, akasikiliza. Kisha akamtazama Shamsa.

"Mama," akasema, "hiyo si sauti yako?"